Tulivyomkariri Kushing kwenye Ploti ya Mama

Mtihani mdogo wa kwanza kuhusu tezi za adrenali niliufanya vibaya mno, hata mwalimu aliponirudishia karatasi alikuwa ameikunja, kama mtu anayekufichia aibu yako. Alikuwa mzee mpole kutoka upande wa kwetu, milimani Meru, na ndiye aliyetufundisha uuguzi wa magonjwa ya watu wazima katika chuo kimoja hapa Isiolo. Hakuwa mtu wa kelele. Aliniuliza tu, mbele ya darasa zima, "Binti, huyu mgonjwa wako wa Adison ana presha ya juu, sukari ya juu, na bado amenenepa. Umemtibu lini?"

Darasa lilicheka. Nami nikacheka, maana kuchekwa bila kucheka kunauma zaidi.

Shida yangu ilikuwa rahisi kueleza na ngumu kutibu. Tezi hizo ni mbili, na kila moja imekaa juu ya figo kama kofia ndogo. Zikimwaga homoni kupita kiasi, mtu anapata ugonjwa unaoitwa Kushing. Zikichoka na kukauka, anapata Adison. Karibu kila kinachopanda kwa huyu kinashuka kwa yule: sukari, presha, uzito, sodiamu, potasiamu. Nilikuwa nikilala nimevipanga vizuri, nikiamka nakuta vimebadilishana vitanda.

Mwenzangu wa chumbani alikuwa amepita mtihani ule bila jasho. Kwao ni Sericho, mbali huko mashariki, kwa watu wa ngamia, na alikuwa na tabia ya kusoma amelala chali huku kitabu kimemfunika uso, hujui kama anasoma au amesinzia. Nilimuuliza siri yake.

"Mimi sikariri," alisema chini ya kitabu. "Mimi naimba."

"Unaimba Adison?"

Akakitoa kitabu usoni. Akanieleza kwamba kwao wakati wa kunywesha mifugo, watu hupanga mstari ndani ya kisima kirefu na kupokezana ndoo kwa kuimba. Mtu akikosea neno, ndoo inamgonga kichwa. "Kwa hivyo hakuna mtu anasahau," alisema. "Wewe shida yako ni hakuna kitu imekugonga."

Tukaanza siku ile ile. Kushing tulimwita Kushiba, kwa sababu jina lenyewe lilikuwa limejileta. Mtu wa Kushing ameshiba kila kitu: uso umejaa, tumbo limejaa, damu imejaa sukari. Adison ilinisumbua kwa sababu haikufanana na neno lolote ninalolijua, lakini yeye alikuwa ameshalichinja kwa Kiborana. "Adi ni nyeupe," alisema. "Sogida ni chumvi. Adi-so. Chumvi nyeupe imeisha, ndio maana mgonjwa anaitamani." Nikamwambia hilo ni la mtu aliyezaliwa Sericho. Akasema basi potasiamu itakuwa yangu, kwa vile baba yangu anapanda ndizi, na ndizi imejaa potasiamu. Yeye akawa chumvi, mimi nikawa ndizi. Tulisimama kila mmoja kwenye ncha ya ubao wa kitanda tuliokuwa tumeuweka juu ya mtungi wa gesi. Akipanda yeye, nashuka mimi. Kushing: chumvi juu, ndizi chini. Adison: ndizi juu, chumvi chini. Ubao ulivunjika, lakini nilikuwa nimeelewa.

Hata karatasi inayochora mapigo ya moyo alinifundisha kwa ngamia. Potasiamu ikizidi, wimbi la mwisho la kila pigo linachongoka kama nundu ya ngamia aliyesimama. Ikipungua, wimbi linalala kama ngamia aliyepiga magoti na kukataa safari. Kalsiamu ikipungua, misuli inashtukashtuka, na ukifunga kitambaa cha kupimia presha mkononi, vidole vinajikunja vyenyewe. Tulifungana kile kitambaa mpaka nikaanza kumwogopa, kwa sababu alikuwa akipampu huku ananitazama vidole kwa matumaini.

Wimbo wenyewe ulikuwa hivi:

*Kushing ameshiba, ameshiba, ameshiba,*
*uso kama mwezi, mgongo una nundu,*
*tumbo kama ngoma, miguu kama fito,*
*sukari juu, presha juu, chumvi juu,*
*ndizi peke yake iko chini.*

*Adi-so, adi-so, chumvi imeisha,*
*amekonda, amechoka, akisimama anazunguka,*
*sukari chini, presha chini, chumvi chini,*
*ndizi peke yake imepanda mti.*

Tuliuimba tukipika, tukichota maji, tukienda chuoni. Jumamosi moja asubuhi tulikuwa tukifua nguo kwenye bomba la uani, na kwa sababu povu lilikuwa zuri na jua lilikuwa halijakasirika, tuliimba kwa sauti. Tulirudia ubeti wa Kushing hata tukaanza kupiga makofi kwenye neno nundu.

Mlango wa Mama ukafunguka.

Mama alikuwa ndiye mwenye ploti, yaani vile vyumba vya kupanga tulimoishi. Alikuwa na duka la madira na shuka mjini, mjane, mcha Mungu, mkali kuhusu taka na mpole kuhusu mengine yote. Alituita wasichana wangu, na Ramadhani alituletea sambusa hata mimi nisiyefunga. Siku hiyo alisimama mlangoni, mkono kiunoni, akatusikiliza mpaka mwisho wa ubeti.

"Nani huyo?" aliuliza.

"Nani, Mama?"

"Huyo mnaimba. Uso mwezi. Nundu. Miguu fito. Ni nani huyo kwa hii ploti yangu?"

Mwenzangu alishtuka na kusema jambo ambalo hadi leo namdai maelezo yake. "Wallahi si wewe, Mama. Huyo ni ugonjwa."

"Sasa mimi nimekuwa ugonjwa!"

"Mama, ni masomo," nikadakia. "Ni wimbo ya mtihani."

"Mtihani gani inauliza miguu yangu?"

Jirani wa chumba cha pembeni, mama wa kupika chapati, alitoka na kifimbo chake cha kusukumia unga. Aliomba aelezwe. Mama akamweleza, neno kwa neno, maana wimbo ulikuwa umeshamwingia. Jirani akasikiliza, halafu, bila ubaya wowote, akamtazama Mama kutoka usoni mpaka miguuni, na kurudi juu. Ni kule kutazama kulikotumaliza.

"Mwisho wa mwezi," Mama alisema, "mtafute ploti ingine ya kuimbia."

Tukaacha nguo kwenye karai, tukaingia chumbani, tukakaa kila mtu kwenye kitanda chake. Mimi nilikuwa nikifikiria jinsi nitakavyomweleza baba kwamba nimefukuzwa nyumbani kwa watu kwa sababu ya tezi. Mwenzangu alijilaza chali, safari hii bila kitabu usoni. Kisha akasema polepole, "Wewe. Umeangalia miguu yake?"

"Usianze tena."

"Mimi siko na mchezo. Umeangalia?"

Nilikuwa nimeangalia. Tulipohamia, Mama alikuwa na uso mrefu wenye mifupa ya mashavu, kama ule wa kwenye picha iliyoning'inia sebuleni kwake. Sasa uso ulikuwa mviringo, umejaa hadi masikioni, na watu wa dukani walikuwa wakimwambia amenawiri, biashara imemkubali. Nyuma ya shingo kulikuwa na kiinuko kilichofanya buibui likae upande. Mikononi alikuwa na mabaka ya bluu aliyosema ni ya kugongwa na mitungi ya maji. Alikuwa anakunywa maji jagi zima na bado analalamika kiu. Tuliupitia wimbo kwa kunong'ona, mstari baada ya mstari, na hakuna mstari uliomkosa. Tulikuwa tukimwona kila siku, lakini tulikuwa tukimtafuta Kushing kitabuni.

Jioni, baada ya swala ya alasiri, tulikwenda kuomba msamaha tukiwa na sukari na majani ya chai kwenye mfuko, kama inavyostahili.

"Salaam aleikum, Mama," mwenzangu alisema.

"Waaleikum salaam." Alijibu kwa sababu salamu haiachwi bila jibu, lakini mlango aliufungua nusu. Alipouona mfuko akaufungua mlango wote.

Tulikaa. Tulijishusha. Tulieleza kwamba Kushing si mtu wa Isiolo wala hajawahi kupanga hapa. Mama alilegea kidogo, akatutilia chai ya maziwa. Ndipo mwenzangu akauliza, kana kwamba ni mazungumzo tu, "Magoti siku hizi yanaendeleaje, Mama?"

Uso wa mwezi ukang'aa wenyewe. Magoti! Zamani alikuwa anaswali juu ya kiti, sisi wenyewe tulimwona. Akapata vidonge kwa mtu mmoja anayepitapita madukani na begi. Siku chache tu, alisujudu hadi paji la uso likagusa mkeka, akalia kwa furaha. Tangu hapo hakuviacha. Alikwenda chumbani akatuletea chupa ya plastiki isiyo na karatasi yoyote, ndani yake vidonge vidogo visivyosema lolote.

Tulitazamana.

"Mama," nilianza, "sisi ni wanafunzi, hatuwezi kukuambia hii ni nini. Daktari ndiye atasema. Lakini kuna dawa inaondoa maumivu haraka hivyo, na mtu akiitumia muda mrefu inaleta... ule wimbo."

"Inaleta wimbo?"

"Inaleta uso, Mama. Na nundu. Na presha na sukari."

Alishika shavu lake. Halafu akapeleka mkono nyuma ya shingo, akapapasa, akakuta. "Kumbe mlikuwa mnaniimba mimi kweli."

"Hapana, Mama," mwenzangu alisema. "Sisi tuliimba. Halafu tukakukuta ndani."

Nilidhani atatutimua kwa mara ya pili. Badala yake alisimama ghafla, akaikamata ile chupa, akavuta buibui lake. "Basi leo leo inaingia kwa choo!"

Akatoka. Kwa mtu wa miguu kama fito, alikuwa na mwendo. Mimi na mwenzangu tulikumbuka kitu kile kile kwa wakati mmoja, lile onyo ambalo mwalimu alilipigia mstari ubaoni mpaka chaki ikavunjika: dawa za namna hiyo hazikatwi ghafla. Tukamkimbilia. Nilimpata katikati ya uani, nikamning'inia mkononi.

"Mama, usitupe! Meza!"

"Umesema ni mbaya!"

"Ni mbaya, lakini meza kama kawaida, mpaka kesho kwa daktari!"

Jirani wa chapati akatoka tena na kifimbo chake. "Asubuhi mlimtukana," alisema, "na saa hii mnamlisha sumu?"

Wapangaji wengine walichungulia. Mtoto mmoja akaanza kuimba Kushing ameshiba, akanyamazishwa kwa kofi la mgongoni. Mama alikuwa anavutia upande wa choo, mimi navutia upande wa nyumba, na chupa ilikuwa katikati ikilia kama kayamba. Ni mwenzangu aliyetuokoa. Alisimama kati ya Mama na mlango wa choo, akauliza, "Mama, hii bomba ya ploti, mbona haina pampu siku hizi?"

Mama alisimama, kwa sababu habari za maji hakuna mtu wa Isiolo anayezipita. "Pampu ilishika kutu. Lori la boza linaleta maji, nani angewasha pampu?"

"Haya. Na boza likikataa kuja kesho?"

"Tutakufa kiu."

"Sasa mwili wako iko hivyo. Juu ya figo kuna pampu mbili ndogo. Kwa hivi vidonge umeletea mwili maji ya boza siku nyingi, pampu zimelala. Ukifukuza boza leo, pampu haziamki leo. Presha inaanguka, sukari inaanguka, unazimia. Daktari atapunguza boza polepole, pampu zikiamka."

Mama alifikiri. "Na pampu zangu zimeshika kutu?"

"Zimelala tu, Mama."

"Kutu nitajua mimi," alisema Mama, lakini aliirudisha chupa kifuani.

Kesho yake tulimpeleka hospitali. Alivaa dira la harusi na kujifukiza udi, akisema kama ni kuonwa, basi aonwe vizuri. Foleni ilikuwa ndefu, na wagonjwa wenzake walimwuliza anaumwa na nini. Mama hakuwa mtu wa kueleza jambo nusu. Akawaimbia. Aliimba ubeti wote, akionyesha uso, akigeuka kuonyesha nundu, akiinua dira kidogo kuonyesha miguu. Ilipofika ndizi peke yake iko chini, benchi nzima ilikuwa inapiga makofi, na bibi mmoja wa Kulamawe aliyekuja na kikohozi aliomba aimbiwe tena.

Wakati huo huo mwalimu wetu alikuwa anapita kwenye korido na kundi la wanafunzi wa mwaka wa tatu waliokuwa na zamu ya Jumapili. Akasimama. Akasikiliza mpaka mwisho, mikono nyuma.

"Mama, habari yako. Nani amekufundisha hayo?"

Mama akatunyooshea kidole, wote wawili, kwa majivuno. "Wasichana wangu. Mimi ndiye huyo wanaimba."

Mwalimu alitutazama kwa muda. Akaendelea na safari yake, lakini mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Daktari alimpima Mama. Presha ilikuwa juu, sukari ilikuwa juu, damu ikaenda maabara na kurudi na habari zile zile. Alimpangia kupunguza dawa kidogo kidogo, kwa majira yanayojulikana, huku akimfuatilia, na akamwandikia dawa nyingine ya magoti isiyofanya miujiza. Mama aliuliza kama hiyo mpya itamwezesha kusujudu. Daktari akasema pengine kwa taratibu. Mama akasema taratibu ndiyo iliyomfikisha kwa mtu wa begi.

Darasani Jumatatu, baada ya mwenzangu kumsimulia kisa chote, mwalimu aliniita nisimame. "Binti. Kama yule mama angetupa vidonge chooni, potasiamu yake ingefanya nini?"

Kwa mara ya kwanza tangu nijiunge na chuo nilikuwa na uhakika. "Ingepanda mti, mwalimu!"

"Hapana."

Nikabaki nimesimama na ndizi yangu.

Alieleza kwa utulivu kwamba vidonge hulaza zile kazi za tezi zinazongoja amri kutoka kichwani. Lakini homoni inayotunza chumvi na kufukuza potasiamu inaagizwa hasa na figo zenyewe, na hiyo hailali. Kwa hiyo Mama angeanguka presha na sukari, angeweza kufa kabisa, lakini potasiamu kwa kawaida isingepanda, wala ngozi isingekuwa nyeusi kama ya mgonjwa ambaye tezi zenyewe zimeharibika. "Wimbo ni mzuri," alimalizia. "Lakini mwili wa mgonjwa hauimbi vina. Mtaongeza ubeti."

Tuliuongeza. Ni mbaya, hauna mdundo, na ndio ambao sijawahi kuusahau hata neno moja.

Kwa Mama mambo yalikwenda polepole, na si kwa raha. Kila dozi ilipopunguzwa alichoka, na magoti yalirudi kumuuma, akatuita majina ya Kiborana ambayo mwenzangu alikataa kunitafsiria. Uso wake ulianza kurudi kuwa mrefu. Hapo ndipo wateja walipoanza kumwonea huruma dukani: Mama, umekonda, una nini, watoto wanakusumbua? Alipokuwa mgonjwa walimsifu, na sasa anapona wanamwombea dua. Alirudi nyumbani siku moja akiwa amefunga duka mapema kwa hasira. "Hii mji," alisema, "haijui mtu mzima ni nani." Ile habari ya kuhama haikutajwa tena, na sisi hatukuiuliza.

Daktari alimwambia magoti yanataka mwendo. Hakupenda kutembea peke yake, kwa hiyo akaamua kutusindikiza chuoni kila asubuhi. Alitembea katikati yetu na fimbo, akilalamika kuhusu jiwe hili na lile, na alisimama kwenye kila kibanda kuwasalimia watu wa miraa, watu wa maziwa, na mwenye bodaboda aliyewahi kumbeba zamani. Kila mmoja aliulizwa habari za nyumbani na za mifugo, na kila mmoja aliambiwa kuhusu magoti. Kufika langoni, darasa lilikuwa limeshaanza.

"Mmechelewa tena," mwalimu alisema asubuhi moja.

"Tulikuwa na mgonjwa, mwalimu," mwenzangu alijibu.

Mwalimu akachungulia dirishani. Mama alikuwa bado yuko langoni, amekaa kwenye kiti cha bawabu, bawabu amesimama pembeni akisikiliza kwa adabu, na fimbo ya Mama ikimwonyesha mahali figo zilipo.